Mbao Tisa za Mfenesi

Siku aliyozikwa Sabri ilinyesha mvua isiyo na msimu. Ilikuwa Januari, kaskazi imeshashika, watu wameshaisahau miavuli yao. Ilipiga kwa saa mbili tu asubuhi, lakini saa mbili zile zilitosha kuifanya mbele ya nyumba yake huko Mpendae kuwa tope tupu. Turubai lilikwisha kufungwa, majamvi yameletwa kutoka msikitini, na pa kuyatandika hapakuwapo.

Wanu alikuwa chumbani, amekalishwa juu ya godoro, wanawake wamemzunguka wanasoma. Kupitia dirisha la uani akasikia sauti ya Jecha, mdogo wa Sabri.

"Toeni zile mbao. Zipangeni juu ya matofali, watu wakae."

Akasikia mbao zinashuka, moja baada ya moja, na wanaume wanahema kwa uzito. Tisa. Alizihesabu bila ya kutaka. Neno lilimjia mpaka ulimini, kisha likarudi. Mume hajafika kaburini, na mke anasema kitu gani? Kwamba mbao zisiguswe? Mwanamke mmoja alimshika bega akamwambia alie, asijizuie, na Wanu akalia, na hakuna aliyejua kwamba machozi mengine yalikuwa ya mbao.

Baadaye kidogo akasikia harufu ya moto kutoka upande wa masufuria, moto mzuri usio na moshi. Mpishi alikuwa anasifu kuni. "Hivi vijiti nani kavipata? Vikavu kama karatasi!" Wanu akafumba macho. Vilikuwa vile vijiti vilivyokaa baina ya ubao na ubao.

Sabri alikuwa fundi wa milango. Yeye na Jecha walikuwa na karakana ndogo Mji Mkongwe, nyuma ya Darajani, mahali pembamba kiasi kwamba mlango ukikamilika walilazimika kuutoa nje kwanza ndipo waanze mwengine. Kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa Wanu alisikia habari za milango ya watu: mlango wa nyumba ya fulani Shangani, mlango wa hoteli fulani Nungwi, mlango uliosafirishwa Maskati ukiwa umefungwa kwa magodoro. Nyumba yao wenyewe ilikuwa na mlango wa bati. Ulipokuwa unapigwa na jua la mchana hukuweza kuugusa kwa mkono mtupu. Kila mwaka Sabri alisema mwaka huu, na kila mwaka alitokea mtu mwenye haraka zaidi.

Kisha kule Makunduchi, katika shamba la marehemu baba yake Wanu, kukawa na mfenesi mkongwe ulioacha kuzaa na kuanza kuinamia nyumba ya kaka yake, Nahodha. Uliangushwa mwezi wa Novemba, ukapasuliwa hapo hapo kwa msumeno wa moto, ule wa injini, na Sabri akaja nazo mbao tisa juu ya gari, kila mmoja una unene wa inchi mbili na upana wa futi moja. Bado zilikuwa zinatoa utomvu. Karakana haikuwa na nafasi hata ya kuweka kiti, kwa hivyo zikapangwa uani, nyuma ya jiko, chini ya kibanda cha makuti.

"Zako hizi," alimwambia. "Mlango wa nyumba yako, kwa mti wa baba yako."

Siku ile Wanu alimshikia mbao upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, na huku wanapanga Sabri alikuwa anasema, maana kazini alikuwa msemaji kuliko mezani. Mti ukikatwa unakuwa bado na maji yake. Maji ya nje yanatoka mwanzo, ya ndani yanachelewa. Basi nje kunataka kusinyaa, ndani kunakataa, na ubao unapasuka kwa ugomvi wao.

"Kama watu na mawifi zao," Wanu alisema.

"Wifi yako Tahiya asikusikie."

Dawa yake, alisema, ni kuuchelewesha. Jua ni adui. Ubao unataka kivuli na upepo, na upepo upite juu yake na chini yake sawasawa. Ndiyo maana ya vijiti, vyote vya unene mmoja, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake kutoka chini hadi juu, ili uzito ushuke wima na ubao usipinde. Juu kabisa akaweka matofali. Ncha za mbao akazipaka rangi nzito ya mafuta, kwa sababu mti unapoteza maji kwenye ncha haraka kuliko ubavuni, na nyufa zote huanzia huko. Akaosha mikono, akala, akarudi mjini. Miezi miwili baadaye moyo wake ulisimama akiwa anapanda ngazi ya nyumba ya mtu, tepu ya kupimia bado mkononi.

Tanga lilipoondoka siku ya tatu, majamvi yalirudi msikitini, turubai likarudi kwa mwenyewe, na mbao zikasimamishwa ukutani mbele ya nyumba, upande wa magharibi. Hakuna aliyefanya ubaya. Walioziegesha walikuwa majirani, watu waliokuwa wamechoka kwa wema.

Wanu alikuwa ameshaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila ya manukato, bila ya kuonana na mwanamme asiye maharimu yake. Aliziona mbao kupitia nondo za dirisha la sebule. Kila alasiri jua lilizichoma mpaka linapozama. Siku ya nne tangu ziegeshwe alikuwa amekaa kwenye mswala baada ya sala ya laasiri akasikia "ta!", kavu, kama mtu aliyevunja kuni kwa goti. Alikwenda dirishani. Ubao wa mwanzo ulikuwa umefunguka kutoka juu mpaka kati, ufa unaopitisha kucha.

Tahiya, dada yake Sabri, alikuja jioni ile kutoka Kiembe Samaki na bakuli la uji. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, aliyemlilia kaka yake kwa siku tatu mpaka sauti ikakauka.

"Wifi, nna jambo nataka kukuomba," Wanu alimwambia. "Usinicheke."

"Nikucheke wakati huu? Nna roho gani?"

"Niingizieni zile mbao ndani. Uani."

Tahiya alitazama dirishani, akamtazama yeye. "Zile? Leo?"

"Zinapasuka."

Tahiya akamwita jirani, Bashira, wakajifunga kanga viunoni. Walizipitisha moja moja kwenye ujia wa pembeni mpaka mlango wa ua, na Wanu akizipokea kwa ndani. Kwenye ubao wa tano Tahiya aliuweka upande wake chini, akashika kiuno.

"Kaka yangu maskini. Jeneza lake lilikuwa jepesi, wanaume wenyewe wamesema. Kumbe uzito wote kauacha huku!"

Bashira akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Wanu naye akacheka, na akashangaa kwamba anaweza. Wote watatu wakacheka mpaka wakalazimika kukaa juu ya mbao zile zile, na kicheko kilipokwisha kila mmoja akawa anatazama upande wake.

Walipoondoka alizikagua. Mbili zilikuwa zimekwisha. Saba zilikuwa na nyufa ndogo kwenye ncha, nyembamba kama nywele, pale ambapo rangi ilibanduka kwa kuburuzwa. Saba zinaweza kutosha mlango, kama hazitaharibika zaidi. Lakini vijiti vilikuwa majivu. Hakuwa na mti wowote mkavu ndani ya nyumba wenye unene mmoja, isipokuwa chaga la kitanda.

Alifikiri usiku mzima na asubuhi akaliondoa godoro. Kitanda kilikuwa cha mninga, kazi ya Sabri, na vipande vya chaga vilikuwa kumi na vinne, vyote sawa kama vimetoka kiwandani. Vya kati vilikuwa vimebonyea kidogo, upande wa Sabri zaidi kuliko upande wake. Alichagua vilivyonyooka, akavikata mara mbili mbili kwa msumeno mdogo wa nyumbani, kazi iliyomchukua siku mbili na malengelenge. Godoro akaliweka sakafuni. Akapanga mbao peke yake, ncha moja kwanza, kisha azunguke kuishika ya pili, akapima kwa jicho kijiti juu ya kijiti. Akatafuta kopo la rangi ya kijani iliyobaki ya madirisha, ikawa imeganda juu. Akatoboa, akachota iliyo chini, akapaka ncha zote kumi na nne, tabaka mbili. Juu akaweka matofali, na juu ya matofali jiwe la kusagia.

Jecha alikuja mwezi wa pili.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Kaa hapo hapo barazani, nnakusikia." Wanu aliketi ndani, nyuma ya pazia la mlango. Aliona kivuli cha viatu vyake chini ya pazia. Jecha alikuwa na miguu kama ya kaka yake, ya kuelekea nje.

Wakajuliana hali. Jecha akakohoa.

"Shemeji, nimefuata mbao."

"Zipi?"

"Za mfenesi. Sabri alimpa ahadi bwana Saud, mwenye ile nyumba ya wageni Malindi. Mlango mkubwa, kabla ya Idi. Mimi siwezi kumwangusha maiti."

"Zile mbao ni za mlango wa nyumba hii, Jecha."

Viatu vilisogea. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Na mimi mwenyewe kanambia ni za bwana Saud. Karakanani, mwezi wa Novemba. Kasema, nimepata mfenesi wa Makunduchi, bwana Saud atafurahi."

 Wanu alimjua mumewe. Sabri hakuweza kumnyima mtu neno zuri; aliyekuwa mbele yake ndiye aliyekuwa na haki. Angeweza kuwaambia wote wawili, siku moja, kwa tabasamu moja, na akaamini yote mawili. Na sasa hapakuwa na wa kuulizwa.

"Hata kama ni za bwana Saud," alisema mwishowe, "mbichi."

"Ntazianika juani mwezi mmoja."

"Wewe fundi, Jecha?"

"Shemeji!"

"Nnakuuliza. Maana fundi hasemi hivyo. Na fundi hatoi mbao kwenye kivuli akazikalisha watu."

 Wanu alisikia mwuza samaki anapita njiani na honi yake. Alijua amemchoma, na hakuwa na njia ya kuuona uso wake.

"Siku ile sikuwa na akili," Jecha alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi, nilitazama zile mbao nikaona viti tu. Mimi niliyeanza kupanga mbao nna miaka kumi na mbili."

"Najua."

"Ungenambia."

"Ningekwambiaje?"

Pazia lilitikisika kwa upepo, likatulia. Wanu ndiye aliyetoa njia. Ahadi ya Sabri ilikuwa ya mlango, si ya mti huu. Jecha atafute mninga mkavu popote pale. Lakini zile mbili zilizopasuka azichukue, azianike akitaka, aone. Na katika moja akate kipande cha urefu wa shubiri, amletee.

"Kipande cha nini?"

"Wewe niletee."

Kipande kilipoletwa akakipaka ncha kwa rangi, akakiweka katikati ya mbao zake, baina ya vijiti. Jambo hilo nalo lilikuwa la Sabri, ingawa Sabri alilifanya kwa kukadiria mkononi tu: ukitaka kujua ubao umefikia wapi, pima uzito wa kipande chake; maadamu unapungua, maji bado yanatoka. Wanu alikuwa na mizani. Kabla ya msiba alikuwa anaoka keki za kuuza madukani, na mizani ile ndogo ya betri sasa ilikaa kabatini haina kazi. Ijumaa ya kwanza kipande kilikuwa gramu 1,620. Akaandika kwenye kalenda ya jikoni. Ijumaa ya pili, 1,588.

Hivyo ndivyo eda yake ilivyokwenda. Ijumaa baada ya kuoga aliondoa jiwe na matofali, akashusha mbao zote saba, akazigeuza tumbo juu, ya chini ikawa ya juu, akapima kipande, akaandika, akapanga tena. Kazi ya saa mbili kwa mtu mmoja. Siku nyengine zote alitazama tu: jua limehamia wapi, makuti yanavuja wapi, upepo wa leo ni mkali au mzito. Mchana wa joto kali alizifunika kwa magunia mabichi upande wa upepo, ili zisikimbilie kukauka. Watu walikuja mwezi wa kwanza kwa wingi, mwezi wa pili kwa zamu, mwezi wa tatu walituma salamu. Haukuwa ubaya, watu wana nyumba zao. Ramadhani ile majirani walimletea sahani kila magharibi, sahani nyingi kuliko anavyoweza kula, na akafuturu mbele ya sahani hizo peke yake, redio imefunguliwa kwa ajili ya adhana na kuachwa wazi kwa ajili ya sauti.

Baada ya Idi Jecha alirudi. Safari hii hakukohoa.

"Shemeji, nyoosha mkono."

Chini ya pazia alipitisha dirisha dogo la mbao, kazi nzuri, limepigwa msasa mpaka linateleza. Ndilo alilolitengeneza kwa zile mbao mbili baada ya kukata palipopasuka. Wanu akaliinua kwenye mwanga. Kila kiungo kilikuwa kimeachana, na baina ya fremu na ubao wa kati mwanga ulikuwa unapita.

"Umeona?" Jecha alisema. "Wiki tano tu. Kidole changu kinapita. Nililianika juani nikalifunga kwa gundi, nikajiona mjanja."

"Ungekuwa mlango wa bwana Saud."

"Ungekuwa jina la Sabri," Jecha alisema, na akacheka, kicheko cha mtu anayejipiga kofi mwenyewe. Bwana Saud alikuwa ameshapata mlango wa mninga na hajalalamika. Za mfenesi, Jecha alisema, hakuna wa kuzigusa tena mpaka yeye Wanu atakaposema tayari.

Eda ilipokwisha, Tahiya alimwogesha, akamvalisha gauni jipya, akamfukiza udi mpaka akapiga chafya. Nahodha alikuja na gari kutoka Makunduchi. Alikuwa kaka mkubwa, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameshampigia chokaa chumba.

"Twende kwetu. Hapa unakaa na nani?"

Alikwenda. Chumba kilikuwa kizuri, watoto wa kaka yake walimzunguka, na asubuhi alikwenda pwani na mawifi zake wa huko kutazama mwani. Siku ya tano, Alhamisi, alianza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi?" Nahodha aliuliza.

"Mjini. Kesho Ijumaa."

"Kesho Ijumaa kuna nini mjini?"

"Nnageuza mbao."

Nahodha alizitazama zile nguo. "Mti ulitoka hapa," alisema. "Ungenambia unautaka hivyo, nisingeukata." Lakini alimpeleka mpaka kituoni mwenyewe, na kumbebea mfuko wa muhogo.

Kabla eda haijakwisha, masika yalipopiga barabara, mizani ilianza kumchezea. Uzito ulioshuka mpaka 1,390 ukapanda tena 1,402, 1,410. Alidhani mizani imekufa, akabadilisha betri, kisha akaelewa: hewa yenyewe ilikuwa imelowa, na mti unakunywa kama unavyotoa. Kusi ilipoingia namba zikashuka upya, polepole sana sasa, gramu tano kwa wiki, gramu tatu. Akarudia kuoka keki. Akanunua kalenda nyengine. Nyufa za nywele kwenye ncha zilibaki pale pale, hazikusogea hata unyayo wa mdudu, na alipotazama mbao kwa urefu wake, jicho moja limefumbwa kama Sabri alivyokuwa akifanya, zilikuwa zimenyooka.

Kaskazi ya pili ilifika. 1,251. 1,246. 1,242. 1,240. 1,240.

Jecha alikuwa akipiga simu kila mwisho wa mwezi. "Vipi mgonjwa wetu?"

"Bado."

"Bado kiasi gani?"

"Bado kidogo."

Ikawa hivyo mpaka siku moja ya Februari, Tahiya alipokuja kuazima sufuria. Alisimama jikoni akisubiri maji ya chai, na macho yake, yasiyokuwa na kazi, yakatua kwenye kalenda.

"Wifi, hii namba ni ya simu ya nani?"

"Si simu. Uzito wa kipande."

"Alaa." Tahiya akasogea karibu. Akafunua ukurasa wa nyuma, na kalenda ya zamani iliyotundikwa chini yake, akarudi. "Mbona ni hiyo hiyo? Moja mbili nne sifuri, moja mbili nne sifuri. Tangu mwezi wa kumi na mbili."

Wanu alikuwa anachekecha unga. Aliendelea kuchekecha.

"Si ulinambia ikisimama ndiyo imekauka?"

"Inataka kuhakikishwa."

"Wiki tisa?" Tahiya alisema. Alitoa chekeche mkononi mwa Wanu, akaliweka mezani. "Wanu. Mwenzangu. Unaogopa nini?"

Alitaka kusema haogopi kitu. Alitazama uani, pale chini ya makuti, zile mbao saba zilizogeuka rangi ya kijivu kama mvi, na jiwe la kusagia juu yake. Mwaka mzima na zaidi alikuwa na sababu ya kuiamkia Ijumaa. Zikitoka, ua utakuwa mtupu, na nyumba itakuwa na mlango, na Sabri atakuwa amemaliza kila alichokianza.

"Sijui Ijumaa ntafanya nini," alisema.

Tahiya hakucheka. "Utakuja kwangu, tutateta watu," alisema. "Mpigie Jecha."

Alimpigia.

Jecha alikuja na gari na wanaume wawili, wakaziondoa kwa nusu saa. Sakafuni palibaki mistari myeupe ya matofali na vumbi la makuti. Kesho yake Wanu alipiga simu kuuliza kama zimewekwa kivulini.

"Nshakwambia jana, shemeji."

"Na kuna kitu chini yake?"

"Kuna kitu chini yake, kuna kitu juu yake, zina raha kuliko mimi."

Siku ya tatu hakupiga simu. Alivaa buibui akashuka Darajani, akapita nyuma ya soko, akauliza njia mara mbili. Kwa miaka ishirini na mbili alipeleka chakula kwa mkono wa watu wengine. Karakanani kwa mumewe hakuwahi kutia mguu. Jecha alipomwona mlangoni aliacha randa.

"Shemeji! Kuna nini?"

"Hamna. Nimekuja kutazama."

Akafutiwa kibao cha kukalia. Mbele yake ubao wa kwanza ulikuwa umeshapigwa randa nusu, na chini ya ule ujivu wa mwaka mzima mti ulikuwa wa manjano, manjano kama nyama ya fenesi lenyewe. Wanu aliunyooshea kidole bila ya kuugusa. Hakujua. Amezishika mara hamsini hivi, na hakujua kwamba ndani ziko hivyo.

"Utaiva," Jecha alisema. "Mwaka mmoja utakuwa kahawia."

Alikuwa anajiandaa kuunga mbao za kati kwenye fremu, kopo la gundi liko wazi. Wanu alilitazama lile kopo.

"Hizi za kati unazitia gundi?"

"Ili zikaze."

"Usizitie. Ziweke kwenye mfereji wa fremu tu, na uache nafasi pembeni, unene wa sarafu. Masika zitakunywa, zitanenepa. Ukizifunga zitakwenda wapi?"

Jecha alitazama fremu, akatazama kopo. "Sabri alikuwa akitia gundi."

"Sabri hakukaa nazo masika mazima akizipima."

Fundi mwengine aliyekuwa pembeni alicheka puani. Jecha naye akatabasamu, akakifunga kifuniko cha kopo kwa ngumi.

Mlango uliwekwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Haukuwa na nakshi nyingi, mstari wa mnyororo pembeni na ua moja juu, kwa sababu mbao saba hazikuruhusu zaidi. Tahiya alikuja kuutazama, akapiga vigelegele barabarani peke yake mpaka watu wakatoka nje kuuliza nani anaolewa. Mlango wa bati ulichukuliwa na Bashira kwa banda lake la kuku. Jecha aliufungua mpya na kuufunga mara kumi, sikio karibu na bawaba, na haukukwaruza popote. Kisha akafungua kikasha cha kitasa na kutoa funguo tatu zilizofungwa kwa waya.

"Hizi hapa. Mmoja wako. Na hizi mbili, shemeji?"

Wanu alizipokea kiganjani. Alitoa mmoja, akamrudishia.

"Huu mpe Tahiya."

"Tahiya ufunguo wa nini? Akija si utamfungulia?"

"Siku akija akabisha nisiitike."

Jecha alifunga kikasha, akakifungua tena. "Astaghfirullah, shemeji. Maneno gani hayo?"

"Ule wa bati ungesukumwa na mtu yeyote. Huu umekauka, Jecha. Huu mtauvunja kwa shoka, na mimi sitaki uvunjwe."

Alisimama pale kizingitini, fundi mwenye vumbi la manjano kwenye kope. Akautia ufunguo mfukoni mwa shati, akaufungia kifungo. Akauliza kama pana kazi nyengine yoyote, akaambiwa hapana. Alipofika njiani aligeuka, lakini Wanu alikuwa ameshaurudishia mlango, polepole, kwa mikono miwili, akausikia unaingia mahali pake.